Malalamiko Kuhusu Jitu Liitwalo Ahkokam

Makokha Sitati, Kinyozi,
Nyuma ya soko,
Nakuru.

Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Hadithi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na nywele zako zikiwa katika mikono mizuri. Nimenyoa watu mjini Nakuru kwa miaka thelathini na moja na sijawahi kumsumbua mhariri yeyote. Nakuandikia kwa sababu ofisi yako imechapa riwaya ya binti yangu, Celestine Nekesa, na ndani ya riwaya hiyo kuna jitu. Jitu hilo ni mimi.

Nieleze nilivyogundua. Kitabu kililetwa dukani kwangu na rafiki yangu Gopal, muuza vitambaa. "Mzee, binti yako ameandika kitabu na wewe huna?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba sina nafasi ya kusoma mambo ya majitu. Akakaa kitini, nikaanza kumnyoa, naye akasoma kimya. Alipofika sura ya tano alikiinua kitabu na kukielekeza kwenye kioo ili nione picha. Juu ya picha paliandikwa AHKOKAM, kwa herufi kubwa. Lakini kwenye kioo, ndugu Mhariri, palisomeka MAKOKHA. Herufi K zilikuwa zimegeuka, ila jina langu nalijua hata likitembea kinyumenyume. Mashine iliniponyoka, na Gopal akabaki na nusu ya masharubu.

Kwa ajili ya haki, ni lazima nikuambie kwamba mimi na Celestine hatujazungumza kwa miaka miwili, isipokuwa salamu zinazopitia kwa mama yake, Eucabeth. Alikuwa mwalimu wa kemia kule Olenguruone, kazi ya kudumu, akaiacha ili aandike. Siku aliyotuambia, shangazi zake wote walikuwepo. Nilisema kwamba majitu hayajawahi kumlisha mtu. Nilisema hivyo nikiangalia sahani yangu. Alichukua mkoba wake, akaenda kupanga chumba Njoro.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Jina. Makokha ni jina la babu yangu, aliyekuja hapa kufanya kazi ya reli. Alilibeba vizuri, akaniachia likiwa limenyooka. Nilipomweleza Eucabeth kwamba limegeuzwa, alisema, "Kwani Makokha ni wewe peke yako Nakuru hii?" Basi nikachukua kalamu, nikafungua ramani iliyo mwanzoni mwa kitabu. Hadithi inatokea katika nchi ya Urukan, karibu na mji wa nafaka uitwao Iagnor. Yageuze mwenyewe. Utafika Rongai kabla chai haijapoa.

2. Kamusi ya majina, ukurasa wa 340. Hapo mwandishi anaeleza asili na maana ya kila jina. Shujaa ni msichana aitwaye Aseken, na imeandikwa: "aliyekuja wakati wa mavuno". Hilo ni kweli. Nekesa alizaliwa ngano ikivunwa, nami nilikuwepo. Lakini kwangu imeandikwa: "Ahkokam, kutoka lugha ya kale ya Urukan: asiyeinua macho." Nauliza, kwa nini jina lake lipewe maana ya kweli na langu lipewe ya kubuni? Na kama si ya kubuni, nani amemwambia?

3. Mfalme. Mfalme wa Urukan ni Lapog, mwenye hekima, mpanda farasi. Ligeuze. Gopal hajui kupanda hata baiskeli. Tangu agundue jambo hili ananiita "raia wangu".

4. Tabia za jitu. Linalinda daraja na kumnyoa kila msafiri kwa nguvu kabla ya kumruhusu apite. Sipingi, kazi ni kazi. Ninachopinga ni ukurasa wa 212. Jitu likimkosea mtu haliombi msamaha. Linaacha papai mlangoni pake na kutembea upesi. Ndugu Mhariri, hilo ni jambo la ndani la familia. Nilidhani hakuna aliyewahi kuyahusisha hayo mapapai na chochote.

5. Wateja. Siku hizi vijana wa chuo wanatoka Njoro kuja kuniona. Mmoja aliketi akasema, "Boss, ninyoe ile ya daraja." Nikamuuliza ndiyo ipi. Akasema, "Ile ya kukunjiwa uso." Hardeep wa duka la vyuma anawaelekeza wageni kwangu kwa jina la Ahkokam, nao wanafika bila kupotea. Duka linajaa, na mimi sina raha.

6. Akina Anna. Nimefanya utafiti nikasikitika zaidi. Jirani yetu Anna, ukimgeuza, anabaki Anna. Mwandishi yeyote hawezi kumficha wala kumharibu. Kwa nini mtu mmoja apate kinga kwa sababu ya tahajia tu? Napendekeza kila riwaya ya majitu ipitishwe mbele ya kioo cha kinyozi kabla ya kuchapwa, na niko tayari kutoa changu kila Jumatatu asubuhi, wateja wakiwa wachache. Napendekeza pia wazazi wanaotarajia kuzaa waandishi washauriwe mapema kuhusu majina yao wenyewe.

7. Hili ndilo kubwa. Katika sura ya mwisho Aseken anasimama darajani na kuliuliza jitu, "Kwa nini hunitazami?" Na jitu linaguna. Linaguna tu, halafu kitabu kinaisha. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko inavyofaa. Hiyo si haki kwa jitu. Jitu lina jibu. Liliogopa kwamba msichana atalala njaa mahali ambapo halitamwona, na likiogopa huwa linaongea vibaya na kuangalia sahani. Ukinipa nusu ukurasa nitaliandika mwenyewe. Celestine anaweza kusahihisha sarufi.

Kwa hiyo naomba jina Ahkokam liondolewe katika kila nakala, kamusi irekebishwe, papai ling'olewe, na mfalme apunguzwe cheo. Sitaki ugomvi. Nataka tu kutembea mjini nikiwa na jina linalosomeka upande mmoja.

Wasalimie wapiga chapa wako, mwenye kuchora picha (ingawa masikio yangu si makubwa hivyo), na mlinzi wa lango. Eucabeth anawasalimu. Gopal naye anawasalimu, kifalme.

Wako anayeumia kwa adabu,
Makokha Sitati

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Eucabeth aliipiga picha kwa simu na kuipeleka Njoro bila kuniambia. Leo mchana Celestine ameingia dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Ameniambia, "Baba, kama jina linakuumiza nitalibadilisha. Toleo la pili jitu litaitwa Iibik."

Nimeligeuza. Ni Kibii, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyefungua mwaka jana na ambaye mashine zake zinang'ata. Ndugu Mhariri, Kibii hawezi kulinda hata ngazi. Iibik si jina la jitu, ni mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu, pamoja na masikio. Ahkokam abaki Ahkokam.

Nimemwambia Celestine hivyo, nikimtazama. Akasema, "Sawa, Baba. Lakini ile nusu ukurasa, uandike." Amekwisha kutangulia nyumbani kwa mama yake, nami nafunga duka mapema.