Tairi la Bwana Harusi

Mwaka ule wa hamsini na nne, mtaa mzima wa Ng'ambo ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba tairi la baiskeli lina mbele na nyuma. Huyo ni Usi Kificho, karani wa bohari ya karafuu. Wasiojua walikuwa wakifundishwa barazani kila jioni, watake wasitake.

"Tazameni mshale ubavuni," akiwaambia. "Ukilivisha kinyume, unashindana na tairi lako mwenyewe."

Siku ya nikaha yake akanunua tairi jipya la mbele. Bibi harusi alikuwa kwao, Kiembe Samaki, kadhi ameitwa baada ya alasiri, na Usi alishatangaza kuwa atafika kabla ya majirani wa huko huko. Rafiki yake Nahodha akaja na baiskeli yake kuukuu kumsindikiza.

Usi akalivisha tairi kwa mpini wa kijiko. Mshale ukawa juu, unatazama mbele. Akajaza upepo, akaisukuma baiskeli hatua moja. Mshale ukashuka chini, ukatazama nyuma.

"Nimekosea," akasema, akalibandua.

Akaligeuza. Mara hii mshale ukawa chini, unatazama mbele vizuri. Akasukuma, ukapanda juu, ukatazama nyuma.

"Usi, adhana hiyo," Nahodha akamwambia.

"Ngoja. Hii kazi ya kitaalamu."

Mara ya tatu kijiko kikautoboa mpira wa ndani.

Dada yake, Mwanamkasi, akatoka kutafuta kijiko chake. Akalizungusha gurudumu kwa kidole, taratibu.

"Kaka, hili duara. Mshale ukiwa juu unakwenda mbele, ukiwa chini unarudi. Wewe ulitaka ukae wapi?"

Usi akalizungusha gurudumu mwenyewe.

"Basi ile mara ya kwanza..."

"Ilikuwa sawa."

Akavaa kanzu kwa mikono ile ile yenye grisi, akapanda nyuma kwenye keria ya baiskeli ya Nahodha, kilemba amekishika kisipeperuke. Njia nzima akala vumbi.

Huko Kiembe Samaki, kadhi alishamaliza vikombe vitatu vya kahawa. Alipomwona Nahodha anaingia na kanzu safi, akainuka, akamkalisha mkekani na kumshika mkono.

"Bwana Usi, tulishaanza kuingiwa na wasiwasi. Tuanze?"

Nahodha akautoa mkono wake kwa adabu.

"Samahani, sheikh. Mimi ndiye mwenye baiskeli. Bwana harusi ni ule mzigo uliosimama mlangoni."