Neno Nililolichovya Kwenye Chai

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa hapa masjala ya polisi! Bosi katangaza kwamba tunatunga kitabu cha maneno ya upelelezi, ya zamani hadi ya leo. Kila neno lithibitishwe na faili. Atakayeleta neno kongwe kuliko yote, jina lake litapigwa chapa jaladani. Jaladani! Baba mkwe, kachero mstaafu, ana miaka kumi na moja akiniita mpanga karatasi mbele ya mke wangu. Safari hii atanitambua.

Jumanne, 4 Machi
Bi Miwani wa meza ya jirani kanitangulia. Kapata "askari kanzu", polisi waliovaa kiraia, enzi ambazo "kachero" halijazoeleka. Kisha kanisomea, bila kuombwa, kwamba mafaili yetu ya kale yalimwita kila aliyekamatwa mwizi tangu siku ya kwanza. Mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa walikuja kutenganishwa baadaye. Nani kamuuliza?

Mimi nimepekua makabati matatu. Nimeambulia mafua. Basi, neno nitalitunga mwenyewe: "mnusaji". Yaani mpelelezi. Tamu, au siyo?

Jumatano, 5 Machi
Nimechomoa ukurasa mtupu kwenye faili la wizi wa saa ya ukutani, mwaka 1934, kongwe kuliko faili la Bi Miwani. Nikaandika kwa wino kwamba mnusaji alifika, akanusa, asipate kitu. Wino uling'aa mno. Nikauchovya ukurasa kwenye chai yangu ya saa nne, nikaenda kuupiga pasi nyumbani. Ukazeeka papo hapo! Mke akauliza tangu lini napiga pasi karatasi, mbona mashati sipigi. Nikamwambia ni siri ya serikali.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeurudisha ukurasa failini, nikampelekea Bosi. Kafurahi, kanipa mkono mara mbili. Bi Miwani kanuna. Raha iliyoje! Ila kesho anakuja mtaalamu kuhakiki. Nikauliza ni nani. Baba mkwe.

Ijumaa, 7 Machi
Mezani palikuwa na mafaili kumi. Sisimizi wakatokea dirishani kwa mstari, wakayapita tisa, wakapanda langu. Baba mkwe akawatazama kwa heshima kabisa. Akagusa ukurasa, akalamba kidole. Akasema sukari vijiko vitatu, na mnywaji wa namna hiyo anamjua mmoja tu, tena kamwoza binti yake.

Bi Miwani akafungua daftari, akauliza aniandike mshukiwa au mtuhumiwa. Nilikiri kabla hawajakubaliana. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilijaa sisimizi. Bosi kanifuta jaladani, kisha kanipa miezi mitatu ya kupangusa vumbi makabatini. Kilichoniuma zaidi ni baba mkwe kunionea huruma. Bora angenicheka.

Jumatatu, 10 Machi
Rasimu imetoka! Ukurasa wa arobaini na moja, kwenye neno "kughushi", Bi Miwani kaweka mfano: mimi, jina kamili, pamoja na sisimizi. Jina langu liko kitabuni! Nimempelekea baba mkwe nakala, nimepiga mstari mwekundu mahali penyewe. Hajajibu. Furaha imemzidi.

Nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa moyo mweupe, na nimelipata. Kuanzia leo nakunywa chai bila sukari. Mke kafurahi sana, anadhani najali afya.