Maswali Manane ya Pa Kuzalia Raihana

Jumatatu, 6 Oktoba

Binti yangu Raihana amebakiza wiki mbili ajifungue. Mjukuu wangu wa kwanza! Mila iko wazi: uzazi wa kwanza, mwanamke huja kuzalia kwao. Kwao ni hapa mjini Amu, nyumba hii, chumba cha juu alichokuwa akilala mama yake, marehemu Twahira. Mwaka wa pili sasa kimefungwa. Nakifungua Ijumaa tu, kufukiza udi. Kitana chake bado kiko dirishani. Nataka chumba kile kisikie mtoto. Sitaki zaidi ya hilo.

Lakini Raihana yuko Matondoni kwa mumewe, na mama mkwe wake, Bi Mardhiya, amemng'ang'ania. Leo amenipigia simu.

"Mwanamke huenda kuzalia kwa mama yake, Bwana Hamdun, si kwa baba. Arobaini nzima, ni wewe utakayemkanda?"

Nikajifanya simu imekatika.

Baada ya adhuhuri nikaona makala kwenye simu hiyo hiyo: mwanamke achague pa kujifungulia kulingana na tabia yake. Mpole na pake, mkali na pake. Elimu hii! Usingizi wa mchana ukaniruka.

Jumanne, 7 Oktoba

Fomu tayari. Nimekuwa karani wa sensa mara mbili. Kuuliza najua. Maswali manane, na majibu nyuma ya karatasi:

Mpole: azalie kwa baba, kuna utulivu. Mkali: azalie kwa baba, hapana wa kumchokoza. Mwenye haya: kwa baba, mlango una komeo kwa ndani. Mpiga kelele: kwa baba, kuta ni za mawe na nene. Mwoga wa punda: kwa baba, hospitali ni ya kwenda kwa miguu. Asiyeogopa punda: aje kwa baba na punda.

Nakala tatu. Moja ya Raihana. Moja ya Shekhan, mumewe, fundi wa vyombo vya baharini, kijana mwema anayekubali kila jambo. Amenikubalia papo hapo. Jana, nasikia, alimkubalia mama yake vilevile. Ya tatu nimempelekea Bi Mardhiya mwenyewe. Haki ni haki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Fedheha.

Nilikuwa gatini kununua samaki. Bi Mardhiya akashuka kwenye boti, karatasi yangu mkononi, akaniamkia vizuri mbele ya watu wote. Kisha akasema ameijaza.

"Mimi ni mkali, Bwana Hamdun, na mwaka huu natimiza sitini na mbili. Karatasi yako yasema nikazalie kwako. Nije lini?"

Boti la kwenda Faza, kisiwa cha pili, lilichelewa kuondoka kwa ajili ya kicheko. Hamid, nahodha wake, akaniuliza kama na yeye nimtandikie, maana anaogopa punda tangu utotoni. Samaki nikamsahau pale pale. Nimekula wali mkavu.

Twahira angecheka pia. Alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akidhani simwoni.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeshindwa kwa maneno, si kwa akili. Nimeamua kuonyesha kwa vitendo kwamba njia ya Matondoni haimfai mwenye uchungu wa uzazi. Nikaenda huko mapema, nikaazima punda kwa Dawud, jirani wa Bi Mardhiya. Nje ya mji, mahali pasipo na mtu, nikajifunga mto wa sufi tumboni kwa leso, ili nipate uzito wa kweli. Saa mkononi, daftari kibindoni. Safari ya majaribio mpaka hospitali ya Amu!

Tulikwenda vizuri hadi mchanga ulipoanza kuwa mzito. Punda akasimama. Nikamsihi. Nikamsomea dua. Akageuka, akarudi kwao mbio, na kwao ni mlango wa pili kutoka kwa Bi Mardhiya. Nikatua kwa kichwa mbele ya baraza lake, mto umehamia mgongoni.

Bi Mardhiya aliniletea chai. Akaniuliza mimba ina miezi mingapi na kama baba wa mtoto anajulikana.

Raihana alitoka akacheka mpaka akashika ukuta. Kicheko cha mama yake kabisa, na ncha ya mtandio mdomoni. Nilisahau kuandika muda wa safari.

Jumanne, 14 Oktoba

Shingo inauma. Nimekwenda hospitali, si kwa shingo, bali kumwomba muuguzi Gakii anayempima Raihana aniandikie barua. Nilitaka iseme kwamba nyumba ya mawe ni bora kwa mzazi kuliko nyumba ya makuti. Huyu Gakii ni mtu wa Meru, haogopi wazee. Akasema haandiki barua za kuta. Nikamwonyesha fomu. Aliisoma mbele na nyuma, taratibu, akiwa ameuma midomo.

"Mzee, kuna mtu amemuuliza Raihana mwenyewe anataka wapi?"

Swali zuri! Hawa watu wa bara wanasoma. Nikakaa hapo hapo kwenye benchi nikaliongeza. Swali la tisa: Wewe mwenyewe wapenda kuzalia wapi? Nikachora visanduku viwili. Kwa baba. Kwa baba, chumba cha juu.

Nimempa Shekhan ampelekee. Amekubali.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hakuna jibu kutoka Matondoni. Nimekwenda kwa Bi Barka, mlango unaotazamana na wangu. Ndiye mkunga aliyempokea Raihana, miaka ishirini na minne sasa. Nilitaka awe shahidi wangu: chumba kina baraka, mama alijifungua pale kwa raha.

Nikamkumbusha siku ile. Twahira alivyoshikwa na hamu ya mofa, ile mikate ya mtama, tena za Faza tu, si za hapa. Nilivyotoka mbio na kikapu. Maji yalivyotoka Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kupitia boti, ukawa haupitiki, nikalala Faza. Niliporudi mtoto keshazaliwa, na mofa zimekuwa mawe. Twahira aliichovya moja kwenye chai akacheka mpaka machozi. Kikapu bado kiko msumarini, juu ya ngazi.

Bi Barka aliendelea kuchambua mchele wake.

"Twahira hakuwa na hamu ya mofa, Hamdun. Asubuhi nzima ulikuwa mlangoni ukimfundisha kupumua. Alitaka mahali ambapo wewe hupo. Mofa ilikuwa rai yangu."

Maskini Bi Barka. Amezeeka, kumbukumbu zinamtoka. Nilimsaidia kuchambua mchele kidogo, kwa huruma, kisha nikaondoka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ushindi! Saa tatu asubuhi Raihana ameshuka gatini na mizigo miwili. Bi Mardhiya yuko nyuma yake, lakini mshindi husamehe. Fomu imefanya kazi. Nikafungua chumba cha juu, nikatandika, nikafukiza udi. Nikamweleza Raihana namna ya kukaa, namna ya kulala, ubavu upi. Nikamsomea ile makala yote. Nikarudia sehemu ya wapole.

Alikuwa ameshika ngazi, jasho linamtoka. Mara akainua macho, akaona kikapu.

"Baba, nina hamu ya mofa. Zile za Faza."

Kama mama yake! Damu haipotei. Sikungoja neno la pili. Bi Mardhiya ndiye aliyenishushia kikapu, akanifungia na tende za njiani. Sikumtegemea wema ule. Bi Barka yuko mlangoni kwake, tayari amevaa buibui na viatu, akaniambia niwasalimie watu wa Faza. Nilikuwa bado sijamwambia niendako.

Naandika haya botini. Hamid ananitazama na kutikisa kichwa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Maji yalitoka Mkanda. Nikalala Faza, simu haina chaji. Jana adhuhuri narudi, nyumba tupu.

Walikwenda hospitali Jumamosi ile ile, boti langu halijafika mbali. Gakii alikuwa akiwangoja. Inaonekana Raihana alikuwa amepanga naye tangu mimba ya miezi saba: kuzalia hospitali, arobaini kwangu, Bi Mardhiya wa kumkanda. Karatasi yangu alikuwa amejaza. Amechora kisanduku cha tatu kwa kalamu yake: Hospitali.

Mtoto wa kike. Wazima wote wawili, alhamdulillahi. Wamempa jina Twahira. Bi Mardhiya ndiye aliyelitaja kwanza.

Hapo nilitoka nje ya wodi kidogo.

Leo asubuhi wamehamia chumba cha juu, wote watatu. Kitana wamekiacha dirishani. Raihana alichovya mofa kwenye chai, ikagonga kikombe, akacheka.

Tufanye hesabu kwa haki. Raihana, mpole: yuko kwa baba. Bi Mardhiya, mkali: yuko kwangu pia. Mtoto, mpiga kelele: kuta zinamsitiri. Fomu haikukosea hata mmoja! Hospitali ilikuwa njia ya kupita tu.

Jumatano, 22 Oktoba

Mtoto haogeshwi vizuri. Tangu alfajiri nimesimama mlangoni nikieleza jinsi ya kushika shingo, joto la maji, upande wa kuanzia. Nimeandaa na fomu mpya, maswali kumi na mawili: mtoto wa tabia gani afaa kuogeshwa na babu. Majibu yote yanaelekea upande mmoja. Nilianza kumsomea Bi Mardhiya, nikafika la tatu.

Ajabu ya Mungu! Ameshikwa na hamu ya mofa. Za Faza tu, si za hapa. Raihana naye amesema anataka tena, na Bi Barka ameita kutoka ng'ambo ya kichochoro kwamba nimletee sita.

Nadhani ni hewa ya nyumba hii. Nimeshateremsha kikapu. Hamid amesema maji yatatoka Mkanda mapema leo, huenda nikalala huko. Nikamwambia aondoe boti upesi. Watu wananitegemea.