Cheo cha Bwana Nicodemus Ndani ya Kompyuta

Umma wa Mombasa unajulishwa kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 7 Septemba 1998, Bwana Nicodemus, Mkuu wa Idara ya Vibao vya Maduka, amepanda cheo tena. Safari hii amepanda ndani ya kompyuta. Sherehe ilifanyika ofisini Ganjoni kwa mahamri na soda, na waraka wa tangazo ukapigwa mihuri miwili, ukatiwa fremu, ukatundikwa ukutani nyuma ya kiti chake.

Karani Kaingu ndiye aliyepigilia msumari. Ndiye pia aliyeleta balaa lote, ingawa nia yake ilikuwa safi.

Idara ilikuwa na kompyuta moja ya mapajani, ya kuandikia vibali. Bila kibali, mwenye duka wa Mji wa Kale hakuruhusiwa kutundika kibao, hata cha kusema "Tumefungua". Mwezi Agosti Bwana Nicodemus alitia humo diski ya mchezo wa karata, na virusi vikaja pamoja na karata. Kompyuta ikafa. Kaingu akaibeba kwa Kamaludin, fundi wa redio Mji wa Kale, aliyekuwa na sidii, diski ya kung'aa, iliyokuja na gazeti la Ulaya.

"Hii yaitwa Linux, mwanangu," Kamaludin alisema huku akiifuta kwa pindo la kanzu. "Ni programu ya kuendesha kompyuta, ya bure, na haifi ovyo. Lakini sikiza. Humu kila mtu ana jina lake na ruhusa zake. Na mashine yaandika yote: nani kaingia, saa ngapi, kafanya nini, katoka saa ngapi. Haisahau hii."

Siku ya kwanza kibodi iligoma, ya pili printa ikagoma, ya tatu zote zikasalimu amri. Kaingu akajifunza kuitunza: kila Ijumaa alinakili vibali kwenye diski na kufuta takataka. Watu wakaanza kupata kibali asubuhi ile ile walipoomba, jambo lililozua wasiwasi mkubwa idarani.

"Kaingu," Bwana Nicodemus aliuliza siku moja, "humo ndani mkubwa ni nani?"

"Ni root, bwana mkubwa. Huyo aweza kufanya lolote, haulizwi."

"Na root ni nani?"

"Kwa sasa ni mimi. Ni kwa ajili ya matengenezo tu."

Bwana Nicodemus aliweka kikombe chini polepole. "Yaani karani wa daraja la H haulizwi?"

Ndipo ukaja waraka. Kifungu cha kwanza kilimfanya Bwana Nicodemus kuwa root. Alichagua neno la siri mwenyewe, Kaingu akiwa ameamriwa kutazama ukuta. Kifungu cha pili kiliweka kila faili chini ya root peke yake, na hakuna root mwingine. Kifungu cha tatu kilimtaka karani aombe kufunguliwa faili kwa maandishi, nakala tatu. Cha nne, ambacho Bwana Nicodemus alikipenda kuliko vyote, kiliagiza orodha ya walioingia kwenye mashine ichapishwe kila mwezi na kupelekwa Nairobi, ili wavivu wajulikane.

Kaingu aliomba kila asubuhi. Tatizo ni kwamba mwenye kufungua, Bwana Nicodemus, alikuwa ufukweni, barabara ya Mama Ngina, akikagua vibao vya wauza mihogo, pamoja na mihogo yenyewe. Kufikia mwisho wa Oktoba vibali tisini na vinne vilikuwa vimelala, na Kaingu akapewa barua ajieleze kwa nini asihamishiwe Mandera kwa uzembe. Kaingu aliogopa, tena sana. Mkewe Eddah alikuwa na pacha wa wiki tatu, na Mandera ni safari ya siku kadhaa.

Jumatano akaingia Bi Caroline, mkaguzi kutoka Nairobi, na karatasi mkononi.

"Hamjambo. Root ni nani hapa?"

Bwana Nicodemus alinusa tuzo. Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ni mimi, madam. Waraka ule pale."

"Hakuna mwingine?"

"Haiwezekani! Kifungu cha pili."

"Vizuri. Kwa miezi miwili root ameingia kazini mara kumi na moja. Mara iliyo ndefu zaidi ni saa tatu, na alikuwa akicheza karata."

Bwana Nicodemus akamnyooshea karani kidole. "Kwa kweli, madam, root ni jina la pamoja. Huyu Kaingu pia..."

Bi Caroline aliutazama ukuta. "Mihuri ile ni yako?"

Akavuta kiti, akamgeukia Kaingu. "Andika barua ya uhamisho, nikutajie."

"Siwezi, madam," alisema Kaingu kwa adabu. "Ni lazima root anifungulie. Na niombe kwanza, nakala tatu."

"Omba."

Kaingu akaomba. Bwana Nicodemus aliisaini nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akainamia kibodi. Neno la siri alilikosea mara moja. Mara ya pili likakubali. Kaingu akaandika jina la Bwana Nicodemus, cheo chake, na Mandera, kwa herufi kubwa kama taratibu zinavyotaka. Printa haikugoma.

"Ahsante kwa ushirikiano, bwana mkubwa," alisema.

Na mashine, isiyosahau, ikaandika: saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, root katoka.