Shemeji Elijah Amehamia Maungu

Jumamosi, 3 Agosti 1957

Leo saa nne na dakika kumi asubuhi timu ya Kaloleni, mtaa wetu hapa Voi, imempoteza mwalimu wake. Hakufa. Angekufa tungemzika kwa heshima na kumwimbia. Amepanda lori kwenda kufundisha Maungu.

Maungu! Mahali ambapo hata maji ya kunywa huletwa na gari la moshi.

Naandika hesabu kabla hasira haijazivuruga. Miaka mitano. Mechi sitini na moja. Tumeshinda thelathini na nane, sare kumi na moja, tumefungwa kumi na mbili. Kati ya hizo kumi na mbili, Maungu walitufunga mara moja tu, na siku hiyo golikipa wetu Munyao alikuwa na malaria.

Tena Elijah ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu Wakio. Mimi ndiye niliyemleta kwenye timu. Mimi ndiye mwenyekiti wa mashabiki. Mimi ndiye niliyesimama nyuma yake mechi zote sitini na moja, daftari mkononi, nikimwambia palipoharibika kabla hata hajapaona mwenyewe. Nani mwingine angejitolea hivyo?

Nilimwuliza kwa nini anaondoka. Akakaza kamba ya sanduku lake, akasema anataka kupumzisha masikio kidogo. Sikuelewa. Upepo wa Maungu una kelele kuliko wa Voi.

Lori lilipoondoka mkono wangu ulimpungia. Sikuutuma. Nilipougundua nikaushusha.

Jumatatu, 5 Agosti

Ndeti amekuja barazani kwangu na suruali ya kutiwa kiraka. Ndeti ni Mkamba, anauza pojo na kunde sokoni, na ni mzaliwa wa Maungu. Aliuliza kwa upole kama ni kweli Kaloleni sasa tutaacha mpira tucheze bao, maana bao halihitaji mwalimu. Nikamwambia suruali yake itakuwa tayari Krismasi. Akasema hana haraka. Watu wenye mwalimu hawana haraka.

Jioni kamati ilikaa. Watu sita, mimi nikiwa mmoja wao. Nilipendekeza mimi nishike timu hadi mechi ya tarehe 24, tutakapocheza na hao Maungu hapa nyumbani. Watatu walikubali, watatu walikataa. Nikaongeza kura yangu ya mwenyekiti. Nimeshinda.

Mke wangu Tryphena aliuliza mtu ambaye hajawahi kupiga mpira hata kwa bahati mbaya atafundisha nini. Nikamjibu kwamba fundi wa majeneza naye hajawahi kufa. Akasema wateja wa huyo angalau hawarudi kulalamika.

Jumatano, 7 Agosti

Mimi nilianza kazi kwa kushona vifungo na sindano ya kuazima. Leo nina cherehani ya mguu na wateja hadi Maktau. Kilichonifikisha hapa ni tepu. Tepu haina ndugu wala rafiki.

Basi leo nimewapanga wachezaji wote kwenye mstari, nikawapima miguu, kiunoni hadi kisiginoni. Elijah alikuwa akipanga timu kwa kuwatazama machoni. Kwa macho! Mimi nimepanga kwa inchi. Miguu mirefu mbele, mifupi nyuma. Munyao ana mguu mrefu kuliko wote, kwa hivyo nimemtoa golini na kumfanya senta fowadi. Winga wetu wa kulia, mfupi kuliko wote, ndiye golikipa mpya.

Munyao alisema tangu azaliwe hajavuka nusu ya uwanja ila akienda kuomba maji. Nikamwambia miguu yake haijui hilo.

Jumamosi, 10 Agosti

Mechi ya kujipima nguvu na wanafunzi wa shule. Tumefungwa nne bila. Mkubwa wao ana miaka kumi na mitano.

Munyao alidaka mpira kwa mikono mara mbili mbele ya goli la wapinzani. Mazoea. Golikipa mpya aliruka vizuri sana lakini mpira ulipita juu, palipo na watu warefu.

Nimegundua kosa. Niliwapima wakiwa wamesimama, na mchezaji hukimbia. Jumatatu nitawapima wakiwa wamepiga hatua.

Wakati wa kurudi nimejikuta mbele ya nyumba ya zamani ya Elijah. Sikuwa na shida yoyote upande ule. Mlango una kufuli. Alizoea kukaa pale kizingitini baada ya mechi, anakunywa uji, nami namsomea makosa. Alikuwa msikilizaji mzuri. Wakati mwingine hata alifumba macho ili asikie vizuri zaidi.

Jumatano, 14 Agosti

Wakio ameshuka kutoka gari la Maungu, uso umemshuka. Goti la Elijah limevimba kama kibuyu. Siku tisa sasa. Dawa ya hospitali imepakwa, imemezwa, goti ndilo lile. Hakanyagi chini.

Baba yetu mkubwa, Mzee Obadiah, alikuwa kwetu, ameteremka kutoka Kasigau kulalamika kuhusu ndovu waliomaliza mahindi yake. Ni mzee wa kanisa, husoma somo la kwanza. Hakuuliza dawa gani. Aliuliza ni nani mwenye hasira na Elijah.

Wakio akanitazama. Tryphena akanitazama. Hata Ndeti, aliyekuja tu kuulizia suruali, akanitazama.

Ndeti hakujua mambo yetu Wadawida, yaani Wataita, ikabidi nimweleze. Kwetu hasira ya ndugu haikai moyoni mwa mwenyewe ikatulia. Humtoka ikamgonga mwenzake: mtoto anaugua, ng'ombe anakauka maziwa, goti linavimba. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anajaza maji mdomoni, anayatema kwa kunyunyiza, anasema moyo wangu mweupe, fulani apone. Kanisani hatuitangazi. Nyumbani tunaifanya.

Ndeti akauliza: yaani wewe, kwa kununa tu hapa Voi, umeangusha mwalimu mzima maili ishirini kutoka hapa? Nikasema ndivyo inavyodaiwa. Alinitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha. Nakiri iliniingia vizuri.

Nitatasa Jumapili, Maungu.

Jumapili, 18 Agosti

Nimefikiri njia nzima ndani ya lori. Nikitoa hasira yote, Elijah anapona, Jumamosi anakimbia kando ya uwanja, tunafungwa. Nisipotoa, dada yangu anabaki na mume wa mguu mmoja. Sitaki hili wala lile. Yule ni shemeji yangu. Alinifundisha kuogelea katika mto Voi mwaka wa mafuriko.

Jawabu likanijia tulipokuwa tukipita daraja. Nusu.

Wakanikalisha mbele ya Elijah. Goti kweli lilikuwa baya, sikuweza kulitazama mara mbili. Mzee Obadiah akanipa kata ya maji. Nikajaza mdomo. Nikatema nusu, mnyunyizo mzuri kabisa, nikasema moyo wangu mweupe, apone. Nusu nyingine nikameza. Tryphena alikuwa akinitazama koo.

Elijah alinishika mkono kwa mikono miwili. Asante, shemeji, alisema. Akanitengea kiti chake na chai ya maziwa ya mbuzi. Nikainywa.

Halafu akauliza kwa nini Munyao anacheza mbele. Habari zimefika hadi Maungu! Nikamweleza juu ya inchi. Akageuka ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani ni maumivu.

Jumanne, 20 Agosti

Dereva wa lori ameleta salamu. Goti limepungua kwa nusu.

Kwa nusu! Katika miaka kumi na minane ya ushonaji sijaona hesabu ikitoka sawa namna hii.

Ila tumbo langu linanguruma tangu Jumapili. Tryphena anasema lililomezwa lina mwenyewe. Nimemwambia ni maziwa ya mbuzi.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika yote, kwa mpangilio.

Watu mia nne na kumi na wawili uwanjani. Nimewahesabu mwenyewe, ndiyo maana sikuona bao la kwanza la Maungu.

Kabla ya mechi nilikuwa nimewaandaa mashabiki wangu kumi na mmoja. Elijah akiingia tu, nainua tepu, wanamzomea. Akaingia, anachechemea na fimbo. Nikainua tepu. Uwanja mzima ukasimama na kupiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Mtu akaita, "Mwalimu, karibu nyumbani! Umekonda, hawakulishi huko?" Kati ya watu wangu kumi na mmoja, wawili walizomea, na mmoja wao akaacha katikati akaenda kumsalimu.

Elijah hakuweza kutembea kando ya uwanja, kwa hivyo aliketi kwenye stuli na kufunga mdomo mechi nzima. Mimi nilikimbia mstari mzima nikiwaita wachezaji kwa inchi zao. Arobaini na mbili, panda! Thelathini na saba, rudi!

Kipindi cha kwanza, nne bila. Bao la tatu nitalieleza kwa sababu ni lazima. Mpira kwa winga, winga anarudisha nyuma bila kutazama, mwenzake yuko palepale, ndani. Mtindo huo Elijah aliubuni hapa hapa Kaloleni, nikiwepo. Mikono yangu ilipiga makofi. Mara saba. Watu waliona.

Wakati wa mapumziko wachezaji walinong'onezana, wakarudi kwenye nafasi zao za zamani bila kuniambia. Munyao golini. Kipindi cha pili, sare ya moja kwa moja. Tano moja jumla, lakini angalia kipindi cha pili! Maendeleo chini ya uongozi wangu hayafichiki.

Mechi ilipokwisha Elijah akajikokota hadi kwangu kunipa pole. Mzee Obadiah naye akasogea, macho kwenye lile goti lililopona nusu. Akauliza mbele ya watu: siku ile, maji yalitoka yote? Nikasema yalitoka. Akauliza tena: yote?

Tryphena akasema alimeza nusu, niliona koo likishuka.

Kelele zilizozuka siwezi kuziandika. Mmoja anasema nusu ya hasira iliyobaki Kaloleni ndiyo iliyotufunga mabao matano. Mwingine anapiga hesabu kwamba ningetema yote tungefungwa mawili na nusu. Ndeti amekaa chini anajifuta machozi. Munyao anataka kujua kama nina kingine nilichomeza. Elijah alicheka hadi fimbo ikamdondoka.

Wakio hakucheka. Akaniambia usoni, "Kaka, aliondoka kwa sababu yako. Miaka mitano uko nyuma ya sikio lake na daftari. Hakusema kwa sababu wewe ni ndugu yangu. Nasema mimi."

Elijah akaacha kucheka. Akatazama chini. Akamwambia mkewe, Mama Dinah, basi, tuyaache. Hakusema si kweli.

Nikaletewa maji tena, kata nzima, watu wote wakitazama koo langu. Nikatema. Nikasema moyo wangu mweupe. Yalitoka yote, na mengine yalitoka machoni, kwa sababu ya vumbi.

Jumatatu, 26 Agosti

Kamati imenitoa. Kura tano kwa moja. Goti la Elijah limepona kabisa, dereva kaniambia. Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Nimemtilia Ndeti kiraka chake bila kusubiri Krismasi.

Lakini maneno ya Wakio nimeyapima kwa siku mbili na hayatoshei popote. Nilikuwa nyuma ya Elijah mechi sitini na moja. Tulishinda thelathini na nane. Kama mimi ndiye mzigo, hizo thelathini na nane zilitoka wapi? Mtu hakimbii bahati yake. Wakio ana hasira, maskini. Pengine yeye ndiye wa kutasa.

Kwa hivyo nimemwandikia Elijah mwenyewe, barua ya kurasa nne, na Ndeti ameichukua. Kurasa tatu za kwanza ni makosa ya Maungu niliyoyaona Jumamosi. Ni kumi na manne. Beki wao wa kushoto anachelewa kugeuka, golikipa anasimama inchi sita mbele mno, na yeye Elijah mwenyewe hapaswi kuketi kimya vile, mwalimu ni sauti. Nimemweleza pia kwamba sasa Jumamosi zangu ni huru, gari la moshi lipo, daftari jipya ninalo, na nafasi nyuma yake naona haina mtu.

Ukurasa wa nne ni swali moja: "Shemeji, je, uliondoka Kaloleni kwa sababu yangu? Ndiyo au hapana. Usinizungushe na habari za masikio. Jibu linifikie kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, kwa maana saa kumi na moja nakata tiketi ya kuja huko."