Talon Nyekundu za Kambale wa Rughenda

Bandugu, leo nimepata haya mbele ya batu mpaka masikio yakawa moto. Nawaandikia nikiwa bado ku boutique, nimeketi nyuma ya makartoni ya viatu (najificha, ndiyo).

Munajua ile site ya internet niliyomutengenezea Mama Masika, yule anauzisha viatu na sakoshi za mukononi hapa Butembo. Hiyo njo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize masomo. Aliniambia wazi: "Katungu, mutoto wangu, site yako ikileta bateja, nitakupeleka kwa bamama bote ba soko. Isipoleta, tunafunga." Donc nilijikaza. Picha zinang'aa. Inafunguka haraka hata connexion ikilegea. Kifungo cha kuagiza ni kikubwa, hata mutu asiye na miwani anakiona.

Mais wapi! Batu banaingia, banaangalia, banatoka. Banaingia, banaangalia, banatoka. Hakuna hata mumoja anafinya kile kifungo.

Jana nikapata akili (nilidhani ni akili). Niliona ku site za mbali: kila mara katangazo kadogo kanatokea chini, "Fulani amenunua sasa hivi." Mutu akiona wengine bananunua, naye tamaa inamushika. Nami nikaweka. Batu ba uongo, lakini na majina ya kwetu, ili ionekane kweli. Katangazo ka kwanza kakawa ka talon, vile viatu vya kisigino kirefu. Nikaandika: "Kambale wa Rughenda amenunua talon nyekundu sasa hivi."

(Musiniulize kwa nini sikumwambia Mama Masika. Nilitaka kwanza ilete bateja, kisha nijisifu.)

Leo asubuhi nafika. Mama Masika anacheza. Peke yake, katikati ya boutique, telefone mukononi.

"Katungu! Mungu ni mukubwa! Kambale amenunua!"

"Kambale gani, Mama?"

"Wa Rughenda! Talon nyekundu! Nimeona na macho yangu! Nimeshatuma motard na viatu ku pikipiki yake."

"Umemutuma... wapi?"

"Rughenda! Nimemwambia afike kule, aulize Kambale."

Ninyi mulio mbali, wacha niwaeleze. Rughenda ni mutaa wa hapa Butembo. Kwetu Banande, mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale. Kila nyumba! Ukiita "Kambale!" ku njia, nusu ya batu banageuka. Kwa hiyo motard hakupotea hata kidogo. Aligonga mulango wa kwanza, akaulizia Kambale, na Kambale alikuwepo, anakunywa chai na bibi yake (motard mwenyewe njo alinielezea kisha).

Hapo nilipaswa kusema ukweli. Nikafungua kinywa. Mama Masika alikuwa tayari anatuma ushuhuda ku groupe ya chorale yake ya kanisa, na sauti ya kulia kwa furaha. Nikafunga kinywa.

Nilikuwa nafuta yule Kambale ku site, pikipiki ikasimama mbele ya mulango. Mbele, motard. Katikati, papa mumoja mwembamba, na pantoufle za nyumbani mu miguu. Nyuma, bibi yake, mama wa mwili mukubwa. Mukono moja umemushika papa kola. Mukono mwingine umeinua kiatu kimoja chekundu juu, kila mutu akione.

"Nani ameuzishia bwana yangu hii?"

"Ni mimi, Mama, karibu!" Mama Masika bado anacheka. "Papa Kambale, asante kwa commande!"

"Mama, mimi nimeagiza nini?" Papa Kambale karibu alie. "Telefone yangu haina hata internet!"

"Nyamaza! Angalia hii mupimo! Muguu wangu unaingia humu? Sema, ni nani huyu wa kamuguu kadogo?"

Batu bakajaa mulangoni. Bamama ba boutique za jirani bakaacha biashara zao. Mumoja alikuja na kiti chake kabisa.

Mama Masika akanigeukia, ametulia. "Katungu, muonyeshe commande yake ku site. Tumalize."

Yoo, Mungu wangu! Papa Kambale ananiangalia, macho yananiomba. Nikaona ndoa ya batu inavunjika juu ya katangazo kangu. Nikasema, sauti ndogo sana: "Hakuna Kambale."

"Na huyu hapa njo nani?" bibi akauliza.

"Kambale wa ku site hakuna! Nilimutunga! Na yule mwingine niliyeandika, Kahindo wa Beni, nilimutunga! Bote nilibatunga, ili batu banunue!"

Mama Masika akakaa chini polepole. "Na chorale? Sasa nitaambia chorale nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Halafu bibi wa Kambale akaachilia ile kola, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na batu bote nao. Papa Kambale peke yake hakucheka. Alikuwa anatafuta pumzi.

"Mwana," bibi akaniuliza, anafuta machozi, "mais ile ya kuleta viatu mpaka ku nyumba, nayo ni uongo?"

Mama Masika akainua kichwa. "Hapana. Motard analeta kweli."

"Na mutu anapima kabla ya kulipa?"

Mama Masika akaniangalia. Nami nikamuangalia. Jambo hilo hatukuliandika mahali popote.

"Ndiyo," tukajibu pamoja.

"Aka! Si hiyo njo mungeandika? Mimi kiatu cha ku picha nakiogopa. Nitajuaje kama kitaniingia? Haya, nileteeni mupimo yangu."

Tukaleta. Zikamuingia vizuri. Papa Kambale akalipa palepale, hata hakuomba kupunguziwa.

Saa hii batu ba uongo nimefuta bote. Juu kabisa ya site nimeandika: "Motard anakuletea, unapima ku mulango, ukipenda unalipa." Na wakati naandika hapa, commande imeingia! Ya mama wa Vuhovi! Mama Masika hakucheza. Alimupigia simu kwanza: "Mama, samahani, uko mutu kweli?"

Yuko mutu. Sasa njo Mama Masika anacheza, na ananiita nitoke kwa makartoni.

Ninyi munaocheka huko, ninawajua. Site iko wazi: mwenye kucheka, aagize kwanza.