Kalibu Tatu za Mzee Marhun

Jumapili, 2 Novemba 2014

Everlyn,

Leo nimepata njia ya kuja kwako. Usicheke kwanza.

Mzee Marhun anakwenda Arusha mwezi ujao kuwinda kanga wa porini na sungura, kwa kibali, kwenye kitalu cha rafiki yake. Huko ana bunduki ndogo ya komeo, pacha wa hii aliyo nayo hapa ughaibuni, klabu ya shabaha. Risasi zake husubu mwenyewe: anayeyusha madini, anamimina kwenye kalibu, zinatoka zikiwa na umbo. Fundi wake wa kazi hiyo amerudi kwao Kerala. Anataka mtu mmoja wa kwenda naye. Mmoja tu.

Arusha! Kisha Moshi, kisha Holili, kisha bodaboda moja hadi Taveta. Nitasimama kwenye kaburi lako kwa mara ya kwanza. Mwezi wa tatu ruhusa yangu ya kuja kukuzika ilitoka siku tatu baada ya mazishi. Ile karatasi bado ninayo.

Tunaoitaka safari ni wawili. Mimi, mlinzi wa geti, na Hamuza, Mganda anayefagia maganda ya risasi. Mzee ametuwekea kalibu tatu mezani. Moja hutoa risasi ndefu yenye ncha. Nyingine, ya kichwa cha mviringo. Ya tatu, fupi, uso bapa kama mtu aliyejigonga mlangoni. Tuchague, tusubu, yeye ajaribu.

Nimenyakua ndefu. Inafanana na roketi. Hamuza ameigeuzageuza ile bapa, akaniuliza kama kanga wa Arusha huvaa koti la chuma. Mtu wa ufagio.

Jumanne, 4 Novemba

Madini ya Mzee yamebaki kidogo. Nikaona upenyo. Nyuma ya jengo letu hapa International City yuko Rafiq, fundi wa tairi. Huyu hukusanya vile vyuma vidogo vya kusawazisha magurudumu. Kanipa ndoo nzima bure. Akanibebea mpaka kituo cha basi. Mtu mwema kupita kiasi. Dereva wa basi aliniuliza kama nahama na sakafu.

Mzee alifurahi, akanionya. Siku hizi vingine ni vya zinki, na zinki ikiingia chunguni imeharibu vyote. Nibane kila kimoja kwa koleo. Kikikubali alama, ni risasi yenyewe, yale madini laini. Kikikataa, nitupe.

Vipo kama mia sita. Nimebana kumi. Vilivyobaki nimeviamini.

Jumatano, 5 Novemba

Uji.

Chungu kizima, uji wenye mabonge. Risasi zangu zimetoka kama meno mabovu. Mzee hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Akasema chungu hicho alikuja nacho toka Unguja kabla mimi sijaota ndevu.

Hamuza ameshinda akibana vyuma kwa koleo, kimoja kimoja, huku akipiga mluzi. Mimi nimekwangua chungu. Wewe ulikuwa ukinipa sufuria ya ugali nikwangue kila nikikukosea. Basi mkono ulikuwa umeshazoea.

Alhamisi, 6 Novemba

Jaribio la kwanza, kwa madini safi ya Hamuza na kalibu yangu ndefu. Mzee alipiga tano. Karatasi ya shabaha ikavutwa kuja kwetu.

Matundu makubwa! Marefu, kama tundu la ufunguo! Nikamwonyesha Hamuza, nikamwambia hizo ndizo nguvu. Nikamwahidi nitamletea paja la kanga kutoka Arusha.

Mzee alingoja nimalize. Kisha akaeleza kwamba risasi zimeingia kwa ubavu. Mtutu wa bunduki hii huizungusha risasi polepole, na risasi ndefu hutaka kuzungushwa zaidi ili isiyumbe.

"Umeona pia ya kuchezea iliyorushwa na mtoto mvivu?" akaniuliza. "Ndo hii yako, mwanangu. Inakwenda inalala."

Na hata ingekwenda wima, ile ncha ingempenya ndege akakimbilia kichakani kufa kwa mateso. Mzee hilo halitaki kabisa. Uso bapa humlaza palepale. Hamuza alikuwa akitazama dari. Afadhali angecheka.

Jumapili, 9 Novemba

Leo zamu ya Hamuza. Mpango wangu: kunyamaza. Sijawahi kuwa na mpango bora kuliko huu, na hauhitaji ndoo.

Ukafanya kazi! Risasi zake zikatoka na mikunjo, kama vidole vilivyolowekwa majini. Tano. Kumi. Kumi na tano. Akalaumu madini, akalaumu chungu, mwishowe akakaa chini na kalibu mapajani. Mimi kosa lake nililiona tangu ya kwanza. Kalibu ilikuwa baridi. Niliuma ulimi, nikahesabu vigae vya ukutani.

Halafu nikakuona wewe. Soko la Taveta, kigoda chako, kikaango chako cha vitumbua. Mimi mteja mgeni, nataka kile cha kwanza kabisa, na wewe unakitupa pembeni bila kunitazama. "Cha kwanza cha kuku. Chuma hakijashika moto." Nikangoja cha pili. Nikarudi kila asubuhi kwa miezi minne. Sikuwa hata napenda vitumbua.

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia Hamuza hizo ni za kuku. Azirudishe chunguni, amimine mfululizo, asipumzike, mpaka kalibu ishike moto. Akataka kujua ufundi huo nimeutoa wapi. Nikamwambia.

Ya kumi na nane ilitoka laini kama sabuni mpya. Hamuza aliishika muda mrefu. "Banange," akasema polepole, mshangao wa kwao.

Nikarudi getini kujilaani.

Jumanne, 11 Novemba

Matundu matano ya Hamuza, sarafu moja ya dirhamu inayafunika. Ya mviringo, safi. Mzee alimpa mkono. Mimi nilikwenda kusimama getini. Nimefungulia magari kumi na moja bila kuuliza kadi ya mtu yeyote.

Saa tisa Mzee akaja kwa miguu, juani, Hamuza nyuma yake. Kumbe Hamuza amemweleza yote: kuku, vitumbua, wewe. Amemwambia kwao ni Masaka, na Arusha hana hata jirani wa kumsalimia. Mzee akaniuliza kwa nini nilimsaidia mtu aliyekuwa akinishinda. Nikasema sijui.

"Basi utakuja wewe unisubie," akasema. "Na siku tatu uende kwa mkeo. Lakini umbo kachagua Hamuza, khalas, imekwisha. Na madini usinunue, usiokote, usipewe."

Nikaapa kwa mikono miwili. Machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi. Hamuza akakubali kwamba kulikuwa na vumbi jingi.

Ijumaa, 14 Novemba

Mapumziko. Tiketi ninayo. Tarehe sita Desemba.

Nimekutana na Rafiq. Anajuta sana. Ana ndoo nyingine, na hii ameapa ni risasi tupu, anazijua kwa harufu. Sikununua. Sikuokota. Wala hakunipa: nimeazima. Nimebana vyuma vitatu kwa koleo na vyote vilikubali, kwa hiyo hakuna haja ya kusumbua vilivyobaki. Mzee atafurahi akifika Arusha akute madini yapo.

Nimechora pia umbo langu mwenyewe la risasi. Refu, lakini kidogo tu. Nitamwonyesha tukiwa angani, asipokuwa na pa kwenda.

Ndoo ina kilo ishirini na tatu, sawasawa na mzigo ninaoruhusiwa. Nguo nitazivaa zote. Mfukoni ninaweka kitu kimoja, ile karatasi ya ruhusa. Nitakusomea tarehe niliyoomba, si ile waliyonipa.

Nitafika nikitoka jasho, Everlyn, nimevaa mashati manne. Usidhani ni mtu mwingine. Nikumbuke.